Binti yangu yuko Hamburg mwaka wa tatu na hatoki ndani. Nimrudishe nyumbani?

SWALI: Binti yangu ana miaka 31. Hapa Dar alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya binafsi, mwimbaji wa kwaya na mweka hazina wa kikoba chao. Sasa ni mwaka wa tatu yuko Hamburg, Ujerumani. Alimfuata mume wake ambaye ni mhandisi, na wana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Kila siku tunaongea kwa video kuanzia saa nne asubuhi, mara nyingine mpaka saa saba, na kila siku namkuta sebuleni, mapazia yamefungwa, khanga ile ile. Kijerumani hajui. Mkwe wangu anasema amekuwa mvivu. Dada zangu wanasema ametupiwa kitu. Mimi naona arudi nyumbani. Naomba ushauri. Mama, Tabata.

JIBU: Shikamoo mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama ni uvivu, kama ametupiwa kitu, na kama arudi. Naomba uvumilivu wako, maana huko mbele nitazigusa na hizo simu za asubuhi.

Kazi yangu ni kuwasaidia watu warudie shughuli zao za kila siku baada ya jambo kubwa kuwavuruga. Wengi wanaokuja kwangu wamepata kiharusi au ajali ya bodaboda; mtu anajifunza upya kufunga vifungo, kupika ugali, kupanda daladala. Lakini huwa napata pia wanawake wenye viungo vizima kabisa. Wao wamehama tu. Wapo waliotoka Dar kwenda nje, wakarudi likizo wamenyamaza. Wapo waliotoka Bujumbura au Bukavu wakaja kuishi huku kwetu. Kila mmoja huwa ananieleza kwa namna yake kwamba siku zinapita na yeye hayumo.

Tuanze na hilo neno mvivu. Hebu ikumbuke Jumamosi moja ya binti yako akiwa Tabata. Anaamka, dada wa kazi keshaanza kufagia. Anatoka kwenda gengeni kununua nyanya na vitunguu. Genge liko hatua mia tu, lakini anarudi baada ya nusu saa kwa sababu mama wa chapati kamsimamisha, fundi cherehani kamkumbusha sare ya kwaya, na pale kona kapewa habari za nani amefiwa. Mchana kuna kikoba, na daftari liko kwake. Wanachama wanaweza kufika wote, lakini hesabu haifungwi mpaka yeye aje. Jioni ni mazoezi ya kwaya, au msibani, au kwa mzazi aliyejifungua. Katika yote hayo hakupanga hata moja. Dar shughuli zinamfuata mtu mpaka mlangoni, zinapiga hodi.

Sasa mpeleke Hamburg, ghorofa ya tatu. Vitunguu viko dukani kwenye rafu. Anachukua, analipa, anatoka, na neno alilosikia ni bei tu. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa kwa sheria. Kumtembelea mtu mpaka mpatane siku kadhaa kabla. Kutoka na mtoto mwezi wa Desemba ni koti, buti, kofia, glavu, kigari cha mtoto, na kukiteremsha hicho kigari ngazi kwa ngazi kama jengo halina lifti. Ukishamaliza kumvalisha mtoto, kajisaidia, unaanza upya. Mimi niliishi Ujerumani miezi 18 kwa masomo nikiwa na mtoto mdogo. Kuna siku nilifika mlangoni nimevaa kila kitu, funguo mkononi, nikakaa chini pale pale kizingitini na kuanza kuvua. Hakuna aliyenizuia kutoka. Ila huko nilikokuwa naenda hakuna aliyekuwa ananingoja, na hilo ndilo lililonivua koti.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binti yako ni mgeni kwa mwaka wa tatu na jembe hajapewa. Bidii anayo, mama. Mtu aliyeshika fedha za wanawake wenzake kwenye kikoba hawi mvivu kwa kupanda ndege. Anachokosa ni mahali ambapo asipofika, mtu atauliza, “Leo vipi, mbona hajaja?” Nitakayosema kuanzia hapa yote yanazunguka hilo.

Mkwe wako pengine atasema shida ni lugha, ajifunze kwanza ndipo atatoka. Ana sehemu ya ukweli. Lakini namkumbuka mama mmoja kutoka Bukavu aliyehamia Temeke. Kiswahili amezaliwa nacho, ila ni Kiswahili cha Kongo, na watoto wa mtaani walimcheka alipotaja bei kwa namna ya kwao. Miezi mingi alikuwa anamtuma mwanawe gengeni. Lugha alikuwa nayo na bado akakaa ndani. Aliyemtoa ni jirani yake, muuza vitenge, aliyehitaji mtu wa kwenda naye Kariakoo alfajiri kuchagua mzigo, kwa kuwa yule mama alikijua kitenge kizuri kwa kukigusa tu. Kiswahili cha Dar kilimwingia humo humo, akiwa amebeba mzigo kichwani. Ndiyo maana nasema asisubiri kujua lugha ndipo aanze kuishi. Viende pamoja.

Lugha yenyewe ina njia, na Hamburg ina bahati yake. Ujerumani kuna kozi ya serikali kwa wahamiaji: saa 600 za lugha, na saa 100 za kujua sheria na maisha ya nchi. Kulikuwa pia na kozi za wanawake na za wazazi, zenye saa nyingi zaidi na mwendo wa taratibu; aulize kama bado zinatolewa, na kama kuna utaratibu wa kulelewa watoto wakati mama yuko darasani. Haki ya kuingia kozi hiyo ina muda wake wa mwisho, kwa hiyo aulize mapema ofisi ya wageni, yaani ya uhamiaji. Asikae akidhani ipo tu inamsubiri. Wakati anangoja nafasi, maktaba za jiji, ambazo huko huitwa Bücherhallen, zina vikundi vya mazungumzo vinavyoitwa Dialog in Deutsch. Ni bure, mtu haandikishwi, anafika saa ya kikao na kukaa. Vipo hata vya wanawake peke yao. Hapo ndipo ningependa aanzie, kuliko darasani. Wiki ya tatu atakuwa na kiti chake, na akikosa wataulizana.

Kingine ni kidogo lakini kitamsaidia kesho asubuhi. Watu wa Hamburg wana salamu moja, “Moin”, wanayoitumia asubuhi, mchana na jioni. Sisi watu wa salamu ndefu tunaumia tukipishana na jirani kwenye ngazi akanyamaza, tunahesabu ametudharau. Wapo wanaodharau kweli, na ubaguzi wa rangi upo. Asiambiwe kwamba anajitungia. Lakini wengine wamenyamaza tu kwa sababu kwao ukimya ni adabu. Awaanze yeye na Moin. Wanaoitikia awaweke moyoni kama majirani, wasioitikia awapite.

Halafu kuna jambo ambalo sioni watu wakilizungumza, nalo huwa nauliza mapema sana: je, jina lake limeandikwa kwenye sanduku la barua? Usishangae. Ujerumani mambo makubwa bado yanakuja kwa barua ya karatasi: bima ya afya, ofisi ya wageni, nafasi ya mtoto, kozi. Mtu wa posta anatazama jina la ukoo kwenye sanduku, na asipoliona barua inarudi ilikotoka. Wanawake wetu wengi hubaki na jina la baba hata baada ya ndoa, na mlangoni panaandikwa jina la mume peke yake. Hapo mwanamke anaweza kuwa amealikwa kozi mara mbili na asijue. Tena hata barua ikifika, anayeifungua ni mume, kwa kuwa ndiye anayesoma Kijerumani. Kidogo kidogo mke anakuwa kama mtoto wa nyumba: shughuli zake zinafanywa na mtu mwingine, yeye anaarifiwa jioni. Huyo mume anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado hilo likatokea. Jina lake libandikwe pale chini leo leo, kwa herufi zinazosomeka.

Mjukuu wako naye ana haki ambayo huenda hawaitumii. Tangu Agosti 2013, mtoto yeyote aliyetimiza mwaka mmoja Ujerumani ana haki kisheria ya kupata nafasi kwenye kituo cha malezi, wanachokiita Kita. Hamburg saa 5 kwa siku ni bure, pamoja na chakula cha mchana. Foleni ipo na vituo vingine vimejaa, ndiyo maana waombe vingi kwa wakati mmoja. Najua utasema, “Mtoto mdogo hivyo kwa wageni?” Mama, hapa Dar mtoto huyo angelelewa na wewe, na dada wa kazi, na mama mkubwa, na jirani. Kule analelewa na mtu mmoja, mchana kutwa, kwenye chumba kimoja. Kita ndiyo mikono mingine. Na asubuhi akimpeleka, mama analazimika kuvaa, kutoka, kusalimia walimu, kusimama getini na wazazi wenzake. Ni safari ya gengeni, imerudi kwa sura nyingine.

Sasa afya, na hili la kutupiwa kitu. Sitawakejeli dada zako. Wameona mtu wao amezimika wakatafuta sababu. Lakini kwanza tazameni mwanga. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi alasiri. Ni saa saba na nusu, tena mara nyingi chini ya mawingu mazito. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi. Ikipungua sana, mtu anachoka, misuli inalegea, mifupa inauma. Kipimo chake ni cha damu. Aende kwa daktari wa familia, aseme wazi anavyojisikia. Amwambie pia kuhusu huzuni, maana sonona baada ya kujifungua inaweza kuendelea muda mrefu isipotibiwa. Ukisikia kwamba kwa wiki mbili au zaidi hana furaha na chochote, halali hata mtoto akilala, hataki kula, anajiona mzigo, hilo si la kusubiri kozi wala Kita. Akizungumza habari za kufa au kumdhuru mtoto, wapige 112, namba ya dharura ya huko, saa hiyo hiyo. Maombi yenu yaendelee, na daktari aonwe.

Kuhusu mkwe wako nitasema kwa uangalifu. Neno mvivu linatoka kinywani mwa mtu anayeondoka gizani na kurudi gizani, akakuta nyumba haijafanyika. Naye amechoka. Lakini hapa Dar nyumba ile ilikuwa inabebwa na watu wanne. Huko imebaki kwa mmoja, na mkwe wako hakujihesabu miongoni mwa walioondoka. Jioni mbili kwa wiki anaweza kukaa na mtoto mke aende maktaba au kwaya. Anaweza kumfundisha treni na basi mara moja, wakapita njia yote pamoja, kisha amwache aende mwenyewe. Na awe na fedha iliyo mkononi mwake, hata ndogo, isiyoombwa kila asubuhi kwa tiketi na maziwa. Mwanamke aliyekuwa na mshahara wake anaumia sana hapo, na mara nyingi hasemi.

Ila tofautisha mume aliyechoka na mume anayefungia. Siku moja mkiwa peke yenu, bila spika, muulize pasipoti iko kwa nani, kadi ya bima iko kwa nani, na akitaka kutoka anahitaji ruhusa? Anamwogopa? Kama majibu yanatisha, Ujerumani kuna namba ya bure ya wanawake wanaonyanyaswa, 116 016, usiku na mchana, kwa lugha kadhaa ikiwemo Kiingereza. Wanawake wengi wa kwetu hunyamaza kwa kudhani ndoa ikivunjika wanafukuzwa nchini kesho yake. Sheria ya huko kwa kawaida inampa mwenza haki ya kibali kinachojitegemea baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja kwenye ndoa nchini humo, na kwa mateso ya nyumbani muda huo unaweza kusamehewa. Ajue hilo hata kama halimhusu. Na ajue kwamba kibali cha kumfuata mwenza kinamruhusu kufanya kazi.

Kazi ndiyo inayonipa matumaini zaidi kwa binti yako. Ujerumani inatafuta wauguzi. Cheti chake hakitatambuliwa hivi hivi: watalinganisha masomo yake na ya kwao, wanaweza kumtaka apitie mafunzo ya kujazia au mtihani, na kwa kawaida lugha inatakiwa ifike ngazi ya B2, yaani ya nne kati ya sita. Ni njia ya miaka, nisikudanganye. Lakini Hamburg kuna ushauri wa bure kuhusu kutambuliwa kwa vyeti vya nje, na wakati anasoma anaweza kuanza kama msaidizi kwenye nyumba za wazee. Muuguzi aliyezoea wodi zetu ana mikono ambayo wazee wale wataijua siku ya kwanza.

Na asiende kila mahali kama mwanafunzi tu. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na Chuo Kikuu cha Hamburg kinafundisha Kiswahili. Wapo Wajerumani huko wanaohangaika na ngeli, wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye saa moja kwa wiki. Nusu Kiswahili, nusu Kijerumani. Saa hiyo moja yeye ndiye mwalimu. Kanisani pia, asitafute tu kanisa la kwenda kukaa nyuma. Atafute kwaya inayopungukiwa sauti yake.

Sasa simu, mama yangu. Saa nne yako wakati wa baridi ni saa mbili ya Hamburg. Mkiongea mpaka saa saba, kule ni saa tano. Katika mwanga wa saa saba na nusu, karibu theluthi imeishia kwenye simu, na ni ile theluthi ya asubuhi ambayo Kita hufunguliwa na vikundi vya wamama hukutana. Najua kwa nini unapiga. Unamwona mpweke na unamkalia karibu kwa njia uliyonayo. Lakini kwa hizo saa tatu yuko Tabata, na akikata simu anaanguka upya sebuleni. Usiache kupiga. Hamisha tu: piga saa moja jioni yako, kule kumeshaingia giza na mtoto anakula. Usimuulize kama amekula au kama mume amerudi. Muulize leo amemuona nani. Siku ya kwanza atasema hakuna. Ya pili pia. Mwache na swali.

Zungumza na ndugu pia. Akiwa hana kazi, kila ombi la ada na mchango wa harusi linalomfikia linamkumbusha kwamba “kuwa Ulaya” kwake ni jina tu, na wengine huacha kupokea simu kwa sababu hiyo. Waambieni wampumzishe mwaka mmoja.

Kurudi? Kama ni mgonjwa sana au hayuko salama, ndiyo, mpokee bila maswali. Kama sivyo, naomba umpe miezi sita na mpango huu, kisha yeye mwenyewe aamue akiwa na nguvu. Akirudi sasa, zahanati haijamwekea nafasi na daftari la kikoba limeshapata mwenyewe. Anaweza kuja kukaa kwenye sebule yako kama anavyokaa kwenye ile.

Wiki hii una kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya vizuri kama wewe. Nenda chuoni alikosomea, uombe orodha ya masomo na saa alizosoma, darasani na wodini, somo kwa somo, kwa sababu huko wanahesabu saa. Kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga, uulizie barua ya kuthibitisha usajili wake. Chukua na barua ya zahanati inayotaja miaka na kazi aliyofanya. Atahitaji kukuandikia idhini iliyosainiwa, kwa hiyo mwombe leo, na mwambie ni ya nini. Ukizipata, zipigwe skani pande zote mbili, mihuri ionekane, umtumie kwa jina lake. Nakala halisi ziweke kwenye bahasha ngumu, zisikunjwe.